Mfuniko Hauazimishwi

Nimechoka kurudishiwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonitoa nyumbani asubuhi moja ambayo baadaye niliambiwa ilikuwa alasiri, nikajitanda kanga na kwenda kuitafuta Ofisi ya Wasia katika mji ambao kila nikiuita kwa jina hugeuka kuwa mwingine. Je, mwanadamu anaweza kweli kutoa? Siulizi kugawa, wala kukopesha, wala kupunguza vitu kabatini. Nauliza kutoa: kitu kikutoke mkononi, kiende, kisigeuke nyuma. Swali hili nimeliuliza nikiwa msichana, nimeliuliza nikiwa mjane, na kuna siku nililiuliza nikiwa mama yangu, maana katika mji huu mtu akichelewa kuamka huweza kujikuta ameamkia kwenye umri wa mwingine. Sijajibiwa. Wenye kujua hutabasamu, wasiojua huniambia nikapumzike.

Chanzo cha adha yangu ni sufuria. Ni sufuria la shaba, la shughuli, linaloingia mbuzi mzima na mchele wa kumtosha, na hata likiwa tupu haliinuliwi na mtu mmoja. Niliachiwa na mama, naye aliachiwa na mtu ambaye kila nikimkumbuka ana uso wangu. Hakuna harusi ya mtaani kwetu iliyopikwa nje ya sufuria hilo, hakuna matanga, hakuna khitma. Mtu akifiwa, kabla hajalia vizuri, keshatuma mtu mlangoni kwangu: Bi Sihaba, tunaomba sufuria. Nami natoa. Sidai kodi, siulizi mtapika nini, sisemi lirudi lini. Natoa kwa moyo mweupe, na ninapofunga mlango huwa najiambia kwamba leo, angalau leo, nimetoa. Kisha linarudi. Na balaa si kurudi kwake, balaa ni kwamba halirudi tupu.

Hiyo ndiyo ada ya hapa na sikuitunga mimi. Ukiletewa futari kwenye bakuli, bakuli la watu hulirudishi hivi hivi. Unatia tende, unatia ndimu, na asiye na kitu kabisa huchuma majani ya mchaichai akayalaza ndani ili chombo kisione haya njiani. Basi sufuria langu limerudi na nazi zikigongana chini yake. Limerudi na vipande vya sabuni, na doti za kanga, na kuku aliyefungwa miguu, na siku moja limerudi na mtoto mchanga wa kike amelala fofofo, mama yake ananiambia, "Nisamehe bibi, sikuwa na kingine." Nikakaa na yule mtoto mpaka jioni, na ilipofika jioni alikuwa mwanamke mzima, akaniaga kwa heshima na kurudi kwao. Nikabaki na mto aliolalia. Nyumba yangu imejaa. Kila ninapotoa nalipwa, na kila ninapolipwa kile nilichotoa kinakufa, kinageuka biashara. Nimekuwa mchuuzi bila kuomba. Hasira iliyonikaa kifuani kwa jambo hili siwezi kuieleza kwa watu wanaoniona nina bahati.

Na mfuniko? Ah, mfuniko. Naomba usiingizwe katika maneno haya. Sufuria langu naliazimisha. Mfuniko wake hauazimishwi. Ni wa shaba ileile, una kishikio cha mviringo, na umetundikwa msumarini juu ya kitanda changu tangu mama alipoacha kuutumia. Wapishi hufunikia kipande cha bati. Wanapopalia makaa juu yake bati linapinda, moto unaangukia upande, na mimi nimezoea kusikia kutoka shughulini kwamba wali ulikauka upande mmoja. Siombi radhi. Kitu kikitoka nyumbani kizima, na mfuniko wake, nani atajua ni cha nani? Sufuria bila mfuniko lina mwenyewe mahali. Watu hulitazama na kusema, hili la Bi Sihaba. Hata akisema mtu asiyenipenda, analisema jina langu.

Basi ndipo siku moja, nikiwa nafua, likanijia jibu, na likanijia kwa urahisi wa kuudhi. Maiti harudishiwi. Mtu akishafukiwa, hata umbebee nazi, hata umfungie kuku miguu, hana mlango wa kuupigia hodi. Kwa hiyo ni aliyekufa tu anayeweza kutoa. Sisi tulio hai tunabadilishana tu. Nikaacha nguo kwenye beseni. Nitaandika wasia, nikasema. Sufuria nitauachia mtaa, sadaka, na safari hii hawatakuwa na pa kulirudisha.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuharakisha, na sababu hiyo inaitwa Machano. Machano ni mtoto wa marehemu kaka yangu, mrithi wangu wa pekee, kijana mpole anayenukia vizuri, mwenye nyumba ya wageni upande ule wa mji ambako mchana ni mrefu kuliko kwetu. Alikuja kunisalimia, akaliona sufuria uani, akalizunguka huku amefunga mikono nyuma.

"Shangazi," akasema, "hili usiwe na wasiwasi nalo. Mungu akikuchukua, mimi nitaliweka pale mapokezi. Nilisugue ling'are, nitie udongo, nipande ua. Na kibao kidogo chenye jina lako."

"Litapikiwa?"

"Litatazamwa, shangazi. Wageni wanapenda sana vitu vya kale."

"Na mtu akifiwa hapa mtaani?"

Machano akanitazama kwa huruma, kama ninayeuliza mvua hulala wapi. "Siku hizi watu wanakodi," akasema.

Wanakodi! Kwa kipi? Nawajua majirani zangu. Kuna nyumba hapa wakifiwa hununua sanda kwa mchango. Nikamwona yule mwanamke aliyenirudishia mtoto, amefiwa, amesimama mapokezi kwa Machano, anaomba sufuria, na Machano anamwonyesha ua. Nikifa bila wasia hilo ndilo litakalokuwa. Nilimkaribisha chai, akanywa, akaenda zake na usingizi wangu.

Ofisi ya Wasia ni chumba kirefu chenye benchi moja na karani mmoja. Hamna karatasi humo. Waliwahi kutumia karatasi, nikaambiwa, warithi wakazichana. Sasa unasema wasia wako kwa mdomo na karani anaurudia neno kwa neno. Akiweza kuurudia, umekubaliwa. Asipoweza, nenda kautengeneze. Ndiyo sheria yote. Karani mwenyewe nilipoingia alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, na alipoinua kichwa kuniita ndevu zilikuwa nyeusi.

"Marehemu anayefuata!"

Nikatazama nyuma. Hapakuwa na mtu.

"Ni wewe, mama."

"Mimi ni mzima."

"Hapa tunawaita kwa mnakokwenda," akasema. "Kaa. Utaratibu ni huu: kwanza deni, halafu sadaka isiyozidi theluthi, halafu warithi. Una deni la mtu?"

"Sina," nikasema, na nilisema kwa kujivuna. "Sijawahi kudaiwa hata punje ya chumvi. Watu ndio wanaonirudishia mimi."

Akaguna, sikujua kwa nini. "Sadaka?"

"Sufuria la shaba. Nyumba na kiwanja achukue Machano, sina ugomvi, na sufuria halifiki hata mlangoni pa hiyo theluthi. Sufuria nauachia mtaa."

Karani akafungua kinywa kurudia. Kinywa kikakaa wazi. Nikaona ulimi wake ukitafuta neno huku na huku, kisha akakifunga.

"Halisemeki," akasema. "Mtaa hauna mkono wa kupokelea."

"Una mikono tele! Asubuhi nzima inanigongea mlango."

"Basi niletee mmoja useme umepokea. Na mfuniko?"

"Mfuniko haumo."

"Sufuria bila mfuniko," akarudia karani, wazi kabisa, bila kigugumizi, na sauti yake ikazunguka chumba kizima. Hilo aliliweza. Nikakasirika mpaka masikio yakapata moto.

Pale kwenye benchi walikaa wengine waliokataliwa, nami nikakaa nao. Mmoja alikuwa bwana mwenye kamba ya kisima mapajani. Kisima chake anataka kuwaachia wapita njia, lakini kila anayekunywa aseme kwanza jina la mwenye kisima, na karani anashindwa kurudia. Mwingine alikuwa bibi anayeacha chumba cha kusomea watoto wa maskini, ila watoto wenyewe wawe wanafanana naye. Nikawacheka moyoni. Mkono unatoka kaburini, unatoa sadaka, na bado umeshika pindo! Hivi kutoa ni nini kwa watu hawa kama si njia ya kuendelea kuwepo, kukaa kichwani pa sinia baada ya kuondoka shughulini, kutawala nyumba ambayo huwezi tena kuifungua dirisha? Mwenye nguvu akiwa hai huamrisha, akifa huachia. Na anayeachiwa hana njia ya kumjibu, hana njia ya kumwambia hapana, au asante, au yatosha. Labda ndiyo maana tunapenda kutoa tukiwa tumeshaondoka. Nikawaza haya yote juu yao. Juu yangu sikuwaza. Mimi nilikuwa na sufuria tu.

Nikarudi mtaani kumtafuta mwenye mkono. Nilimwendea Mwanakombo, mpishi mkuu wa shughuli zetu, mwanamke mwenye mabega ya kuinulia masufuria na ulimi wa kupoozea makaa. Nilimkuta barazani na wanawake wenziwe wakichambua mchele. Nikawaambia. Nilitegemea vigelegele, sitaki kusema uongo. Nilijiandaa hata namna ya kuwanyamazisha.

Wakanyamaza wenyewe.

"Likishakuwa letu," akasema Mwanakombo polepole, "tukimaliza kupika, tunamrudishia nani?"

"Hammrudishii mtu. Ndiyo maana ya kuachiwa."

"Tunaliosha, halafu?"

"Halafu linakaa."

"Linakaa tu." Akawatazama wenzake. "Mnasikia? Chombo tumekilia mpaka tumeshiba, halafu kinakaa tu."

"Mwanakombo, mimi nitakuwa nimekufa!"

"Na ndiyo tunavyosema, bibi. Utakuwa umekufa na deni letu. Hebu fikiri wewe. Leo kwangu harusi, napikia sufuria la mtu ambaye siwezi kumpelekea hata ndimu. Kesho kwa huyu matanga, vilevile. Mtaa mzima tunakula na hatuna pa kurudisha. Wallahi chakula hakipiti. Watu wa mitaa mingine watasema hawa hawakufunzwa kwao."

"Nani atajua?"

"Sisi," akasema.

Nikapandisha sauti. Niliwaambia hawana shukrani, niliwaambia wanapenda kuonekana, niliwaambia siku watakapoliona limejaa udongo na ua mapokezi kwa Machano wasije kulia kwangu. Mwanakombo akanisikiliza mpaka mwisho huku vidole vyake vikitupa chuya. Kisha akasema hawakatai sufuria, Mungu apishie mbali. Wanakataa kufa kwangu kuwafanye wao wakosa adabu. Na akasema kama nina njia ya kulitoa ambayo wao watabaki watu, nirudi. Nikaondoka bila kuaga.

Siku zile, kama zilikuwa siku, nilizunguka nyumbani nikibishana na vitu. Mnataka nini? Nikiwa hai mnarudisha. Nikifa mnakataa. Nife nusu? Niseme chukueni, mniulize tutamrudishia nani? Kuna nini kigumu hapa! Mkono huu unafunguka, mkono ule unapokea, basi. Mbona jua linatoa na hakuna anayelipelekea ndimu. Mbona kisima. Hata kisima kinadai kamba. Nikalala na kanga zangu, nikaota nimeketi ofisini na karani ananiita, na jina analoniita ni la mama.

Niliamshwa na harufu ya pilau.

Nikatoka uani. Sufuria halipo. Nikatoka mlango wa mbele, na nje mikeka imetandikwa mpaka mwisho wa njia, watu wameketi kwa safu, wanaume kule, wanawake huku, na chini ya turubai Mwanakombo amelisimamia sufuria langu na mwiko mrefu, bati limefunikwa, makaa juu. Sauti zilikuwa zile za chini. Nikajua ni msiba.

"Nani?" nikauliza. "Matanga ya nani?"

Mwanakombo akajifuta jasho. "Yako, bibi."

"Mimi sijafa!"

"Tunajua. Ndiyo maana tumeharakisha. Ukishakufa hatutakuwa na wa kumrudishia, basi tumeona tukupikie ungali upo. Shughuli yako iishe kwa adabu. Kaa, wali uko tayari."

Nilitaka kupindua mikeka. Nilitaka kupiga kelele nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Lakini watu walianza kuinuka mmoja mmoja na kunipa mkono, pole bibi, pole kwa msiba, na mazoea ni kitu kibaya sana: nikajikuta naitikia, nishapoa, nishapoa. Machano alikuwepo, amevaa kanzu, macho mekundu. Aliponiona alishtuka.

"Shangazi! Mbona umekuja?"

"Nimekuja kula," nikamwambia.

Wakanipakulia. Na pale, katika matanga yangu mwenyewe, nikakutana kwa mara ya kwanza na ule upande uliokauka. Miaka yote hiyo nilikuwa nausikia tu. Kwangu ilikuwa ikiletwa sahani ya heshima kutoka upande ulioiva. Punje zilikuwa ngumu, zikakwaruza kaakaa.

"Wali umekauka," nikasema.

"Upande mmoja," akasema Mwanakombo. Hakusema kwa ubaya. "Bati halikai sawa. Sisi tushazoea."

Nilikula. Sikubakisha punje.

Walipomaliza wakaliosha sufuria kwa mchanga na majivu, wakalibeba wanne, wakalitua mlangoni kwangu. Nikachungulia ndani kama ninavyochungulia siku zote. Hamna nazi. Hamna sabuni. Chini niliona uso wangu tu ukitikisika kwenye matone ya maji.

"Mmelirudisha tupu," nikasema. Sitaficha, moyo wangu uliruka kwa furaha. Hatimaye!

"Hatujalirudisha," akasema Mwanakombo. "Sisi tumekusaidia kupika, lakini msiba ni wa nyumba hii. Mwenye msiba ndiye mwazimaji. Wewe ndiye wa kurudisha."

"Kwa nani? Sufuria ni langu!"

"Kwa mtaa. Si ulisema ni la mtaa? Tumekubali. Sasa lirudishe."

Hakuna aliyecheka. Wanawake walisimama wamefumbata mikono kwenye kanga, wananisubiri kwa upole uleule ambao mimi huwasubiria wengine. Na nikakumbuka kwamba chombo cha watu hakirudi hivi hivi.

Nikaingia ndani kutafuta cha kutia. Nikashika nazi, nikakumbuka ni za harusi ya nani. Nikashika kanga, nikamkumbuka aliyenifungia, na alikuwa nje pale mlangoni. Sabuni ni yao. Kuku wanaotaga uani ni wajukuu wa kuku wao. Mchaichai ulioota ukutani uliota kutokana na yale majani ya asiye na kitu. Mto ni wa yule mtoto. Nilifungua makabati, nikafunua magodoro, nikatupa vitu chini nikilia kwa hasira, mwanamke mzima, tajiri wa mtaa, nyumba imejaa mpaka mlango haufunguki vizuri, na hamna humo kitu kimoja ambacho ningeweza kukishika nikasema hiki kimetoka kwangu. Utawarudishiaje watu vya kwao? Nilikaa sakafuni katikati ya marejesho yangu yote. Nje hawakunihimiza. Laiti wangenihimiza.

Nilipoinua macho niliuona msumarini.

Hapana, nikasema. Chochote lakini huo hapana. Nikauambia mfuniko maneno mengi, mengine ya aibu. Nikauliza nitajulikanaje. Nikauliza sufuria likipita njiani lote zima, limefunikwa, watasema la nani? Na nilijua jibu, na jibu ndilo lililoniuma, maana watasema ni sufuria. Watasema tu, leteni sufuria. Miaka itapita na hakuna atakayelitaja jina langu akikoroga, na wali utaiva. Nilisimama juu ya kitanda, nikautungua. Ukutani pakabaki duara la chokaa safi ambalo halijawahi kuona vumbi.

Niliubeba kwa mikono miwili mpaka mlangoni. Ndani ya sufuria haukuingia, ulikuwa mpana kuliko mdomo wake. Ukakaa juu, pahali pake, na ulipokaa ukatoa mlio ambao mara ya mwisho niliusikia nikiwa mtoto, au nikiwa mama yangu. Sufuria likawa limefungwa. Mtu hawezi kuona kama ndani mna kitu.

Mwanakombo alitazama mfuniko kwa muda mrefu. Adabu yetu ni kwamba hufunui chombo mbele ya aliyerudisha, na hakufunua. Akainama, akashika upande wake, wengine wakashika wa kwao, wakaliinua.

"Zito," akasema.

Wakaenda nalo. Machano alisimama njiani na kanzu yake, akawapisha.

Kilichofuata sina hakika kilichukua muda gani. Najua palikuwa na shughuli nyumba ya mbali, kwa sababu nilisikia ngoma, na najua hakuna aliyekuja kuniomba kitu. Nilikaa na ukimya wa mlango usiogongwa, na nilichukia, sitasema uongo. Kisha ukagongwa. Mlangoni kulikuwa na sahani imefunikwa kawa, aliyeileta keshaondoka. Nikafunua. Pilau. Nikatia kidole upande huu, nikatia upande ule, nikaonja katikati. Wali umeiva pande zote, punje mojamoja, laini. Nilikula nimesimama, nikalamba vidole, nikaigeuza sahani kuitazama, na hapo ndipo nilipotambua kwamba sahani si yangu.

Ala! Nikaangalia nyumba yote. Nitatia nini? Nilikwisha kuambiwa na nyumba hiyo yenyewe kwamba sina. Nikaishika sahani kifuani na kutoka mbio, na ofisi nikaiona kabla sijaitafuta. Bwana wa kamba alikuwa bado kwenye benchi. Karani, safari hii kijana asiye na ndevu kabisa, akainua kichwa.

"Bi Sihaba," akaita.

Nikasimama. "Mbona hukuniita marehemu?"

"Una deni?" akauliza.

"Ninalo." Nikamwonyesha. "Sahani ya watu. Nitairudisha mwenyewe, nikipata cha kutia. Lakini nikitangulia kabla sijapata, hili ni deni, linalipwa kabla ya theluthi na kabla ya urithi. Machano airudishe. Asitume mtu, aende kwa miguu yake, aishike kwa mkono wake. Na isirudi tupu."

"Atie nini?"

Nilifikiri. Niliuona uso wake Machano akifungua makabati, akifunua magodoro, mpole, mwenye kunukia, akitafuta humo chake.

"Sijui," nikasema. "Atafute."

Karani akavuta pumzi, akafungua kinywa, na maneno yakatoka yote bila kukwama hata moja: sahani ya watu, irudishwe, kwa miguu yake, kwa mkono wake, isirudi tupu, atafute.